Virusi haivunje mulango, sisi njo tunaifungulia



Tuanze na jambo ambalo kila mutu analijua. Unapeleka fulashi pale wanapochapisha na kufotokopi. Wanakutolea kopi za barua ya kwenda kwa meya, unalipa franga zako, unarudi. Jioni unaingiza ile fulashi kwenyi mashini ya nyumbani: dosie zote zimegeuka vialama vidogo vyenye mushale, hauone tena kazi yako. Unacheka: "Aaah, ni virusi tu." Kesho unaipeleka kwa mwenzako ajaribu kwenyi mashini yake. Sasa mashini zenye kugonjwa ni mbili.

Siye tunasema: hii "ni virusi tu" itatumaliza.

Juu ya nini? Juu ndani ya zile mashini hamuna miziki na picha za arusi peke yake. Muko majina ya wanaharakati, numero za simu, avenue wanamolala. Muko ushuhuda wa mama aliyetueleza nani alimunyanganya shamba, akatuomba jina lake lisitoke. Tunapenda kusimama mbele ya serikali na kuuliza: dosie ya raiya imepotelea wapi? Swali ni zuri. Lakini kama mama yule akituuliza swali lile lile, tutamujibu nini? Tutamwambia fulashi ilizunguka quartier nzima?

Kuko kamarade wanaosema: hayo ni mambo ya wafundi wa ordinatere. Ni bongo. Muangalie historia.

Mwaka 1982, kule Marekani, kijana wa miaka 15, Rich Skrenta, alizoea kuharibu disketi za michezo za marafiki wake kwa kuwacheka. Wakachoka, wakakataa kumupatia tena disketi zao. Akatunga programu, Elk Cloner, iliyojificha ndani ya mashini Apple II na kuruka juu ya kila disketi safi iliyoingizwa. Kuanzia pale hakuwa na lazima ya kugusa disketi ya mutu. Marafiki njo walimubebea. Mwaka 1986, ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitunga virusi Brain. Ndani yake waliandika majina yao, adresi yao na numero za simu! Walisema walitaka tu kuwashika watu waliokuwa wakikopi programu yao bila kulipa. Ilitembea kwa disketi, kutoka mukono hadi mukono, mpaka ikafika Marekani. Kwa hiyo virusi za kwanza hazikuhitaji intaneti. Zilihitaji rafiki anayesema: "Nipatie, nikukopie." Disketi ya jana njo fulashi ya leo.

Wengine wanasema: sisi hatuwezi kudanganywa, tuko macho. Sawa. Musikilize hii.

Mwezi wa 12 mwaka 1989, disketi karibu 20 000 zilitumwa kwa posta kutoka London. Zilifika kwa wasomaji wa gazeti la mambo ya ordinatere, na kwa watu waliokuwa wameshiriki mukutano wa Shirika la Afya Duniani juu ya SIDA. Disketi ilisema inaleta habari juu ya SIDA, na kweli ilikuwa nazo: maswali ya kukupimia hatari uliyo nayo. Lakini ndani mulifichwa kitu kingine. Kilikuwa kinahesabu kila mara unapowasha mashini. Ikifika mara 90 hivi, majina ya fishie yanavurugwa, na amri inatoka: lipa dola 189, tuma kwa sanduku la posta kule Panama. Na kwenyi karatasi iliyokuja na disketi iliandikwa kabisa kwamba asiyelipa, programu zake zingine zitapata matatizo. Wangapi waliisoma?

Waliopigwa hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa masomo, wengine wanapigana na SIDA usiku na muchana. Mulango uliofunguliwa ni kazi yao wenyewe, ile waliyoipenda. Kamarade, anayetutafuta sisi hataandika "mimi ni mwizi". Atatuma fishie inayoitwa "Orodha ya vijana waliokamatwa leo, fungua haraka". Na siye, kwa mapendo na kwa hasira, tutafungua.

Muone tena jambo hili. Wengine walipoona mashini zimevurugika walishikwa na uoga, wakafuta kila kitu, na kazi yao ikaenda. Lakini ile kufuli ilikuwa zaifu. Wataalamu waliivunja, wakatoa programu ya kurudisha fishie. Aliyetulia na kuomba musaada aliokoa kazi yake. Polisi ilimukamata Mumarekani mumoja, Joseph Popp, mutu wa biolojia, lakini Uingereza walisema afya ya akili yake hairuhusu kesi. Kule Uingereza hapakuwa hukumu, na fishie zilizofutwa hazikurudi. Musingoje korti iwarudishie kitu ambacho hamukukitunza.

Na neno la siri? Tarehe 2 mwezi wa 11 mwaka 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachilia programu kwenyi intaneti ya wakati ule. Wanakadiri ililemaza mashini 6 000 hivi. Ilipitia makosa ya programu, lakini ilikisia pia maneno ya siri: ilijaribu jina la mwenyewe, jina lile lile likisomwa kinyume, kisha maneno 432 iliyobeba ndani yake. Ilitosha kwa mashini nyingi. Na sisi, miaka yote hii nyuma yake, neno la siri ni nini? Jina la muji na mwaka. Ao jina la mutoto.

Neno la mwisho tunalolisikia: "Hatuna kitu ya kuficha." Wewe pengine hauna. Lakini yule mama anacho. Kijana wa miaka 17 aliyejiandikisha bila baba yake kujua, anacho. Siri ile haiko yako, umeibebea wengine tu. Mutu anayebeba mutoto wa mwenyewe mugongoni haruke mutaro kwa kuchezacheza.

Kwa hiyo tunaomba, na tunaanza na wale wanaoongoza:

Fulashi ya kuchapisha ibebe karatasi ya kuchapisha tu. Orodha ya majina isitembee kamwe.

Kazi yote iwe na kopi mbili, fasi mbili tofauti, na moja isiunganishwe na mashini yoyote.

Fishie ikikuja bila kuitazamia, hata kutoka kwa kamarade, mupigie simu kwanza umuulize: ni wewe umetuma?

Antivirusi iwekwe na ipewe habari mupya kila mara, lakini isiwe kisingizio cha kulala.

Na mutu akiambukizwa, aseme siku ile ile. Tusimucheke, tusimufokee. Anayeficha kwa haya anaambukiza wote.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji diplome ao franga nyingi. Inahitaji nizamu, ile ile tunayoitumia kwenyi barabara, tukikaa chini bila kurusha jiwe.

Leo jioni, mbele ya kulala, chukua fulashi yako. Angalia ndani muko majina ya nani. Kama hauwezi kuwaangalia usoni wale watu ukaeleza juu ya nini majina yao yako mufukoni mwako, yatoshe.

Pamoja, na macho wazi.