UFA USIOONEKANA

Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 20. Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo, hatua iliyostahili kuungwa mkono. Lakini liko jambo ambalo jicho la mkaguzi peke yake haliwezi kuliona, nalo ni hali ya chuma kilichomo ndani ya zege.

Wataalamu wa mitambo ya nyuklia wamehangaika na jambo la namna hii kwa miaka mingi. Wanajua kwamba hata chuma kisichoshika kutu huweza kupasuka polepole pakutanapo mambo matatu: udhaifu wa chuma chenyewe, majimaji yanayokila, na mkazo unaokivuta. Hata hivyo, kutabiri ufa utaanzia wapi ni kazi ngumu. Mwishoni mwa mwaka 2021, katika kituo cha Civaux nchini Ufaransa, nyufa ziligunduliwa kwenye mabomba ambayo hayakutarajiwa kupasuka. Hazikufichuliwa na hesabu za mezani, bali na vipimo. Wafaransa walikubali hasara ya kusimamisha mitambo kadhaa kuliko kubahatisha.

Nondo za Kariakoo zina maradhi mengine, yaani kutu ya kawaida, lakini mafunzo ni yale yale. Chumvi huingia katika zege kwa mchanga wa bahari usiooshwa na kwa hewa ya pwani. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huipasua zege kutoka ndani. Mwenye jengo akiongeza ghorofa juu, au akichimba chini apate maduka, huutwika mzigo mpya mwili uliokwisha kudhoofika.

Hatusemi kwamba kutu ndiyo iliyoliangusha jengo lile. Tunasema kwamba bila kupima, hakuna awezaye kusema ni jengo gani litakalofuata.

Wenzetu wa Visiwani hawahitaji kukumbushwa. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka Unguja likiwa katika matengenezo, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Aidha, wafanyabiashara wengi wa Unguja, Pemba na Mafia hununua bidhaa zao Kariakoo. Usalama wa soko hilo ni wao pia.

Kwa hiyo twawaomba wahusika mambo mawili. Kwanza, kibali cha kuongeza ghorofa au kuchimba kisitolewe kabla ya zege na nondo kupimwa. Pili, matokeo yabandikwe mlangoni, ili mpangaji ajue anapanga nini.

Wenye majengo watalalamikia gharama. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Ufa huu haujitokezi wenyewe. Sharti utafutwe, na gharama ya kuutafuta ni ndogo kuliko ya kufukua maiti.