Uso wa Mwanasesere Usiuchubue

Leo nina jambo linalonikera kwenye kazi yangu ya wanasesere, na maharusi nisikilizeni vizuri maana linawagusa.

Makosa mengi ya rangi usoni mwa mwanasesere yanarekebishika. Jicho limekaa upande, mdomo umevuja, nyusi moja imepanda kuliko mwenzake: hayo yote yanataka mkono uliotulia tu. Kosa kubwa ni lile ambalo watu hata hawalioni kuwa kosa, yaani kumpaka mtoto rangi isiyo yake.

Mimi ni fundi cherehani hapa Lusahunga, Biharamulo, kwenye barabara ya malori yaendayo Rusumo. Mabaki ya vitambaa nayageuza wanasesere: mwili wa pamba, ndani sufi, sura napaka kwa rangi ya akriliki ili afanane na mtoto wa kweli. Bi harusi huniagizia mmoja ampe mdogo wake wa kike, avishwe kishonwa kama gauni la dada. Gauni tutapatana vizuri. Tukifika usoni naambiwa, "Fundi, mng'arishe kidogo." Na mtoto mwenyewe anayepewa zawadi ni maji ya kunde, mzuri mashallah!

Wengine huniletea wanasesere waliopakwa kwingine niwatengeneze. Ugonjwa nimeshaujua: aliyepaka alichukua kahawia akamwagia nyeupe. Nyeupe haiifanyi kahawia ing'ae, inaifanya iwe majivu. Ukitaka uso wenye nuru, tia njano kidogo na nyekundu tone moja. Tena jaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kilekile ukiache kikauke, maana akriliki ikikauka hukolea. Ukiiamini ikiwa mbichi utajidanganya.

Kama rangi haijakauka, iguseguse kwa pamba yenye maji, usisugue, itasambaa kwenye nyuzi. Ikishakauka kwenye kitambaa, usihangaike na spiriti; inalainisha rangi na kuizamisha zaidi, unabaki na doa. Changanya rangi sahihi ya ngozi, paka nyembamba, iache ikauke, paka tena. Mara mbili au tatu uso unarudi upya, ndipo uchore macho. Wale wa plastiki ni habari nyingine, spiriti kidogo kwenye pamba inaweza kuitoa akriliki, ila asetoni ya kutolea rangi ya kucha kaa nayo mbali, inaweza kula plastiki yenyewe.

Macho nayo yana siri yake. Mtoto mdogo macho yake yako chini ya nusu ya kichwa. Ukiyapandisha unapata bibi mwenye mwili wa mtoto. Na weupe wa jicho usiwe mweupe pe kama karatasi, weka kivuli chembamba chini ya kope ya juu, la sivyo anakutolea macho usiku kucha.

Mtaniambia, fundi, rangi ya mwanasesere ina neno gani? Ina neno. Marekani, miaka ya 1940, Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, wote wanasaikolojia weusi, waliwaonyesha watoto weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wengi walimtaka mweupe, wakamwita ndiye mzuri. Utafiti huo ukatajwa hadi kwenye kesi ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliyofuta ubaguzi wa rangi shuleni mwaka 1954. Watoto wale hawakuzaliwa na chuki hiyo. Walifundishwa na vitu vilivyowazunguka, na kimoja wapo ni kile unachomwekea mwanao mkononi.

Sasa tuje kwenu maharusi. Poda iliyopita weupe wa ngozi yako inafanya kazi ileile ya nyeupe kwenye kahawia yangu: kwenye picha za mwanga mkali uso unatoka majivu na shingo inabaki yako. Hiyo angalau inaoshwa. Mkorogo hauoshwi. Vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na zebaki inaharibu figo. Kitambaa nakipaka upya mara tatu. Ngozi ya mtu haina tabaka la akiba.

Najua wapo watakaouliza hukumu ya mwanasesere mwenye sura. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) wala hakukatazwa, imepokewa katika Bukhari na Muslim, na wanazuoni wengi wameruhusu vya watoto kuchezea. Vya kupamba kabati ni suala jingine, mimi sivishoni. Anayetaka asiye na sura kabisa namshonea pia, sina ugomvi naye. Lakini ukinitaka nichore sura, kumbuka Surat Ar-Rum imetaja tofauti za rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara za Allah. Sioni kwa nini nianze kuirekebisha ishara kwa brashi.

Kwa hiyo siku hizi agizo likija naomba picha ya mtoto iliyopigwa nje, mchana, bila filta. Rangi nachanganya kwa kutazama picha hiyo. Mama akitaka niongeze weupe namwambia wazi kwamba hiyo siifanyi, akitaka amana yake namrudishia.