HESABU YA WAGONJWA NI MALI YA NANI?

Wanachama wa matawi ya Unguja na Pemba wametuuliza zaidi ya mara moja kwa nini karatasi yetu hii inazirejea khabari za maradhi ya korona na hali watu wamekwisha kuyasahau, barakoa zimetupwa, na wageni wamejaa tena Nungwi na Paje. Swali hilo ni la haki, na leo tunalijibu. Tunazirejea kwa sababu liko jambo moja lililofanywa katika nchi hii baina ya Mei 2020 na Juni 2021 ambalo mpaka leo hatujaelezwa sababu yake ikatutosheleza, nalo ni kwamba Serikali iliacha kuwaambia wananchi hesabu ya wagonjwa wao na wafu wao.

Tukumbushane kwa ufupi. Mgonjwa wa kwanza katika Jamhuri ya Muungano alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na wa kwanza wa Zanzibar siku chache baadaye. Mwanzoni, hapana budi tukiri, mambo yalikwenda kama inavyopasa. Skuli zilifungwa, ndege za watalii zilizuiwa, ndoo za maji na sabuni ziliwekwa milangoni, na Wizara ya Afya ya Zanzibar ikawa inatoa idadi yake bila ya kuona haya. Kisha Bara ikatoa hesabu yake ya mwisho tarehe 29 Aprili, Zanzibar ikaongeza yake mapema mwezi wa Mei, na jumla ikasimama hapo: wagonjwa 509, waliokufa 21. Ikasimama kama saa iliyokwisha ufunguo. Watu waliendelea kuugua, watu waliendelea kuzikwa, na idadi ikabaki 509.

Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli, ambaye naye sasa ni marehemu, alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na zikatoka na maradhi. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Sisi si mafundi wa maabara, na huenda kipimo kweli kilikuwa na kasoro. Lakini mwenye duka akigundua kuwa mizani yake ni mbovu hutafuta mizani nyengine. Haachi kupima moja kwa moja akawauzia watu kwa kukisia.

Tuwe waadilifu. Serikali ya wakati ule ilikataa kuwafungia watu majumbani, na katika hilo hatukuwa mbali nayo sana. Mchukuzi wa Darajani, mvuvi wa Kizimkazi, mama anayeuza urojo jioni, wote hao hula walichokipata siku ile ile. Kumwambia mtu kama huyo akae ndani wiki tatu ni kumtaka achague baina ya homa na njaa. Na jirani zetu wa Kenya waliona raia wakipigwa, na wengine wakiuawa, mikononi mwa polisi katika siku za mwanzo za amri ya kutotoka usiku. Kwa hiyo asije mtu akasema kuwa sisi tulitaka nchi itiwe kufuli. Kufunga au kutofunga ni jambo ambalo watu wenye akili na nia njema waweza kukhitalifiana.

Kuficha hesabu ni jambo jengine kabisa, na ndilo tunalolikataa. Serikali ilituambia tusiogope, tufanye kazi, kila mtu ajilinde. Vyema, lakini ajilinde vipi asiyejua moto uko nyumba ya ngapi? Kijana aliyekuwa akifikiri kumpeleka mama yake mzee harusini Chake Chake, nahodha aliyekuwa akipakia abiria wa Tanga, mwalimu mwenye pumu, wote walihitaji kujua jambo moja tu: maradhi yamezidi au yamepungua. Mtu aliyenyimwa khabari hiyo hakuachiwa khiyari yoyote, hata akiambiwa mara mia kwamba yuko huru.

Na waliojaribu kusema walizuiwa. Mwezi wa Julai 2020 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kueneza khabari za mripuko wa maradhi ya kuambukiza bila ya idhini ya wenye mamlaka. Mwezi huo huo televisheni ya mtandaoni iitwayo Kwanza ilifungiwa miezi 11 kwa kurudia onyo la ubalozi wa Marekani juu ya maradhi hayo. Basi khabari zikahamia barazani na katika simu, na huko kila mmoja akazitia chumvi yake. Hata lugha yetu, ambayo ina jina la kila maradhi tokea utosini mpaka kwenye unyayo, ilitungiwa neno la adabu: “changamoto ya upumuaji.” Mwanzoni mwa 2021 neno hilo lilikuwa likizunguka katika matangazo ya misiba, na kila aliyelisikia alijua maana yake, na kila mmoja alijifanya hajui.

Hapo ndipo tunapomkumbuka Marehemu Maalim Seif Sharif Hamad, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tarehe 27 Januari 2021 Rais, akiwa Chato, alizitilia shaka chanjo mbele ya taifa zima. Tarehe 1 Februari Waziri wa Afya wa Muungano alisema nchi haina mpango wa kuzipokea. Baina ya maneno hayo mawili ikatoka taarifa ya wazi kwamba Makamo wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, mzee wa miaka 77, ameambukizwa korona, yeye na mkewe. Hakusema changamoto, hakusema homa ya baridi. Aliyataja maradhi kwa jina lake katika nchi ambayo maradhi hayo yalikuwa yameambiwa hayapo. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari, akazikwa kesho yake kwao Mtambwe. Wapo waliomlaumu kwa kuitia nchi khofu. Sisi tunaona kuwa taarifa ile ilikuwa ndiyo tangazo la afya lenye manufaa kuliko yote tuliyoyapata kwa muda wa miezi minane.

Na la kwetu tulikiri vile vile. Katika kampeni za 2020 vyama vyote vilikusanya watu viwanjani bega kwa bega, na chetu hakikuwa nyuma. Khabari za maradhi tulikuwa nazo; lakini uwanja mtupu ulitutisha kuliko homa. Anayetaka kutuhukumu kwa hilo ana haki.

Sasa liko jambo linalotukhusu khasa sisi watu wa visiwani. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake, madaktari wake na spitali zake. Walakini aliyeisoma orodha ya mambo ya Muungano katika Katiba ataikuta bandari na usafiri wa anga katika jambo la 11, na takwimu katika jambo la 20. Maana yake mgonjwa ni wetu, kitanda ni chetu na kaburi ni letu, ila gati aliyoteremkia na nambari atakayohesabiwa zimo katika orodha ya Dodoma. Hatusemi kwamba hilo ndilo lililoinyamazisha Wizara yetu mwezi wa Mei 2020. Hakuna aliyejitokeza kutueleza lililoinyamazisha. Tunasema tu kwamba Wizara iliyokuwa ikisema ilinyamaza siku chache tu baada ya kunyamaza Bara, na kisiwa chenye serikali yake hakikustahiki kunyamaza kwa kufuata tu.

Wasomaji watuwie radhi tukiwachukua mbali kidogo, mpaka Bahari ya Pasifiki, kuwaonyesha yanayoweza kukipata kisiwa kinaponyimwa khabari. Mwaka 1918, wakati homa kubwa ya mafua ilipoizunguka dunia, visiwa vya Samoa vilikuwa chini ya wakubwa wawili. Vya magharibi vilishikwa na Nyuzilandi, vya mashariki na Marekani. Tarehe 7 Novemba meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland ambako homa ilikuwa imekwisha kuenea, ilifika Apia. Njiani ilikuwa imewekwa karantini Suva, lakini hapana aliyemwambia afisa wa bandari ya Apia, naye akaruhusu abiria wateremke. Watu wapatao 8,500 walikufa Samoa ya Magharibi, yaani kiasi cha mmoja katika kila watano. Upande wa pili wa mkondo ule, Gavana John Poyer alikuwa amezipata khabari za homa na kuzifanyia kazi. Alifunga bandari, na wenyewe wananchi wakalinda fukwe zao. Hakufa mtu hata mmoja kwa homa ile. Watu ni wamoja, lugha ni moja, bahari ni moja. Waziri Mkuu wa Nyuzilandi, Helen Clark, aliomba radhi kwa Samoa mwaka 2002, miaka 84 baadaye.

Sisi hatutaki kungoja miaka 84.

Wako watakaotwambia kwamba hayo yalizikwa pamoja na utawala ule. Ni kweli kwamba Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa hapa hapa Unguja, aligeuza mengi. Mwisho wa Juni 2021 aliwatajia wahariri idadi ya wagonjwa, zaidi ya 100, na 70 kati yao wakisaidiwa kwa oksijeni. Na tarehe 28 Julai alichanjwa mbele ya watu wote. Tulimsifu siku ile na hatuyarudishi maneno yetu. Lakini tazameni Januari 2025. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa watu wanashukiwa kufa kwa maradhi ya Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Afya ya Muungano ikakanusha. Tarehe 20, mkuu wa shirika hilo akiwa amekaa karibu yake Dodoma, Rais akathibitisha kwamba maradhi yapo. Siku hizo chache ni pungufu sana ya mwaka mmoja, nasi twashukuru. Walakini jawabu iliyotoka kwanza, kabla ya mtu yeyote kufikiri, ilikuwa ile ile ya zamani: hapana kitu.

Kwa hivyo tunaitaka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar mambo mawili. La kwanza, zifunguliwe daftari za usajili wa vifo za Unguja na Pemba, zitolewe idadi za kila mwezi kwa miaka ya 2019, 2020 na 2021, bila ya majina ya watu, ili kila mwenye kujua kujumlisha aone mwenyewe ni wangapi waliozidi. La pili, Baraza la Wawakilishi lipitishe sheria itakayoilazimisha Wizara ya Afya ya Zanzibar kutangaza idadi ya wagonjwa wa maradhi ya mripuko kila wiki, na kumkinga daktari na mwandishi atakayeitaja idadi hiyo.

Makatibu wa matawi wanaombwa wayasome madai haya katika mikutano yao ya mwezi ujao, na watuletee maneno ya wanachama, ya kuunga mkono na ya kupinga. Serikali nayo ikitujibu, jawabu yake tutaichapa katika ukurasa wa kwanza kama ilivyo, bila ya kupunguza neno.