Nshomile, halafu karatasi tupu!

Haya wadau, nimerudi chuo juzi. Kiuno bado kinauma kwa basi la kutoka Bukoba, na kopo la senene nililobeba mshikaji wangu wa chumbani kalimaliza usiku mmoja. Hayo tuyaache. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Mnajua sisi Wahaya tunavyotaniwa. Ukifungua mdomo tu utasikia "nshomile!", yaani mimi nimesoma, eti Mhaya hawezi kuagiza chai bila kuchomekea Kiingereza. Huwa nacheka na mimi. Ila likizo hii kule Muleba kicheko kilinikauka.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Jioni moja tuko kibanjani, akawa anamweleza mama habari za mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioanza kututesa Kagera miaka ya 2000. Kwamba ua dume linaondolewa kwa kijiti chenye panda, sio panga. Kwamba panga likitoka kwenye mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kwanza, la sivyo unapeleka bakteria kwa mgomba mzima. Dogo anajua! Usiku nikafungua karatasi yake ya mtihani wa baiolojia, swali linauliza magonjwa ya mimea yanavyosambaa na jinsi ya kuyazuia. Kaandika mstari mmoja na nusu. Nikamuuliza, kwani hukujua? Akanijibu, "Kaka, nilijua. Nilishindwa kuandika."

Sasa nije kwa wale wanaosema dawa ni kupiga marufuku Kiswahili na Kihaya shuleni. Jamani! Shule niliyosoma mimi ilikuwa na kibao hicho, na ukikamatwa unaongea Kihaya unafagia uwanja. Matokeo yake tulinyamaza. Mtu aliyenyamaza anajifunza kuandika kitu gani?

Na msiniambie vichwa vyetu vizito. Kihaya kinatofautisha jambo lililotokea leo, lililotokea jana na lililotokea zamani, kila moja na umbo lake la kitenzi. Bibi yangu hajawahi kuchanganya. Mtoto anayeweza hayo ashindwe na wakati uliopita wa Kiingereza? Anakosea "he" na "she" kwa sababu "yeye" yetu haichagui mwanamume wala mwanamke. Anasahau "the" kwa sababu kwetu haipo. Hayo yanaelezeka kwa dakika kumi, tena kwa Kiswahili, kama mwalimu akiruhusiwa.

Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kifundishie sekondari. Serikali haikutekeleza, na mpaka leo mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza anatupwa majini. Mimi sisemi Kiingereza kiondoke. Nasema kifundishwe kama lugha, kwa saa za kutosha, badala ya kukigeuza ukuta kati ya mtoto na baiolojia.

Na sisi wa chuo tusijifiche! Tunaishi kwa madesa. Mwaka wa kwanza nilipeleka insha yenye Kiingereza cha kutisha, mhadhiri akaandika kwa wino mwekundu: haya ni maneno ya nani? Yalikuwa ya desa. Niliona aibu mpaka nikakwepa kipindi kilichofuata.

Kilichonisaidia hakikuwa kamusi nene. Nilianza kuandika nusu ukurasa kila usiku kuhusu kitu ninachokijua: soko la Bukoba, mvua, mama anavyopika ndizi. Kwanza napanga hoja kwa Kiswahili, ndipo naandika Kiingereza kwa sentensi fupi. Rafiki anasoma, anapiga mstari pale asipoelewa, naandika upya. Narudia mpaka aelewe. Bado nakosea "the", lakini maneno ni yangu.

Kabla sijaondoka nilikaa na dogo tukaandika lile jibu la mnyauko upya. Lilikuwa na makosa saba. Lilijaza ukurasa mzima.

Kwa hiyo ukinikuta, nitanie tu nshomile, ruksa. Ila kwanza nionyeshe ukurasa mmoja ulioandika mwenyewe.

Niishie hapa, kesho nina test na bumu limekata. Usiku mwema, waitu.