Mgeni na Apewe Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndugu msomaji, leo nagombana na wale wanaowaondoa wageni wetu siku ya pili jioni, kisha wakawapa cheti cha kulima.

Nasema juu ya wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanaoletwa vijijini kujifunza utamaduni. Wako wanaotoka Ulaya na Marekani, huja Tanzania kwa mazoezi ya majuma machache. Wako pia vijana wetu wa vyuo vya mjini. Hawa wa pili tusidanganyane kwamba ni wenyeji kwa sababu wanasema Kiswahili. Kijana aliyekulia Kinondoni akipanda milima ya Vidunda, wilayani Kilosa, ni mgeni sawasawa na yule wa London. Tofauti ni kwamba yule wa London anajua kuwa ni mgeni.

Nilionyeshwa ripoti ya mwanafunzi mmoja aliyekaa kwetu siku kumi. Ina picha nzuri za ngoma. Juu ya afya ameandika sentensi moja tu: wazazi wa hapa huchelewa kupeleka watoto hospitali kwa sababu ya ushirikina. Chuo chake kikampa alama za juu. Mimi, mwalimu mstaafu, ningemrudishia daftari lake.

Ningemwuliza: je, ulijua mama wa mtoto husubiri neno la nani? Wavidunda, kama Waluguru na Wakaguru, kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana sauti katika mambo ya mtoto. Muuguzi anayemsihi baba peke yake huenda anamsihi mtu asiye na neno la mwisho. Je, uliuliza nauli ya kushuka hadi Kidodi au Mikumi wakati wa masika? Je, uliuliza juu ya degedege? Utafiti uliofanywa Bagamoyo miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi walihesabu degedege kuwa ugonjwa wa peke yake, si malaria, na waliogopa kwamba sindano ingemwua mtoto. Hofu kama hiyo haiondoki kwa kuitwa ushirikina. Mama aliyedharauliwa hunyamaza, na safari ijayo haji. Anayelipia zile alama za juu ni mtoto mwenye homa.

Watasema mzee huyu anawatetea waganga. La hasha! Mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali, tena mbio. Lakini kujua mtu anaogopa nini si kukubaliana naye. Ndiyo njia ya kumfikia. Hata Azimio la Alma-Ata la 1978, lililoeleza maana ya huduma ya afya ya msingi, liliwataja waganga wa jadi miongoni mwa watu wanaoweza kushirikishwa inapohitajika, wakishaandaliwa vema.

Wengine watasema hakuna muda wala fedha. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi hii hii, ikiwa maskini kuliko leo, iliandaa maelfu ya walimu wakiwa vijijini, wakifundisha huku wakisoma. Elimu yao ilikuwa na mapungufu, sikatai, lakini mwalimu yule alijua ni mtoto gani kaja shule bila kula. Jambo hilo halifundishwi kwa ziara.

Basi nadai mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi akae msimu mzima, katika nyumba ya mtu, achote maji na kushika jembe. Pili, ajifunze maradhi yanavyoitwa Kividunda kabla ya kuyapa majina ya kitabuni. Tatu, na hili ndilo kubwa, ripoti yake isomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla haijashuka mlimani, na wenyeji ndio wampe alama: mkunga wa jadi, mama wa mtoto, na mjomba.

Chuo kisichotaka alama hizo kisiseme kimemleta kijana wake kujifunza. Kiseme kimemleta kutembea. Nasi tutampokea, tutampikia, na tutamsindikiza mpaka barabarani. Lakini cheti asiombe.