Mbung'o Anaonaje Ng'ombe?



Katika kijiji kimoja tulitundika vitambaa vya kuua mbung'o kando ya njia ya kwenda mtoni. Kila kitambaa kilikuwa na sehemu ya buluu na sehemu nyeusi. Kilitiwa dawa ya kuua wadudu. Baada ya miezi miwili nilirudi. Kitambaa kimoja hakikuwapo. Mahali pake palitundikwa kitambaa cha manjano. Mzee mmoja akaniuliza, "Bwana Shamba, kwani kitambaa si kitambaa?" Kile cha buluu nilikikuta siku ile ile. Kilikuwa kimeshonwa kaptula, na kijana mchungaji alikuwa ameivaa.

Nilimjibu mzee kwa kumweleza habari za jicho la mbung'o.

Jicho letu lina lenzi moja. Jicho la mbung'o limejengwa kwa vijicho vingi sana, vimepangwa kama matundu ya sega la nyuki. Nzi wa nyumbani ana vijicho kama 3,000 katika kila jicho. Nyuki mfanyakazi ana kama 5,000. Kila kijicho ni kama bomba jembamba. Juu kina lenzi ndogo ya kukusanya mwanga. Chini kuna chembe za kuupokea. Pembeni kuna rangi nzito inayozuia mwanga wa kijicho cha jirani.

Jaribu mwenyewe. Kata kikonyo kirefu cha jani la mpapai, kile chenye tundu ndani. Funga jicho moja, chungulia kwa jicho la pili. Unaona mahali padogo tu.

Sasa fikiri watu 3,000 uwanjani, kila mmoja na kikonyo chake, kila mmoja anatazama upande wake. Kila mtu anataja neno moja tu: "nyeusi", au "nyeupe", au "buluu". Karani anaandika kila neno mahali pake. Karani huyo ni ubongo wa mdudu. Kila kijicho humletea nukta moja, naye huzipanga. Ni kama mkeka wa ukindu wa rangi. Ukindu mmoja hauna ua, lakini mkeka una maua.

Wengine husema mbung'o huona ng'ombe 3,000 mahali penye ng'ombe mmoja. Sivyo. Mwaka 1891 mtaalamu Sigmund Exner wa Vienna alionyesha picha iliyopigwa kupitia jicho la kimulimuli. Ilikuwa na dirisha moja, na kanisa moja nje yake. Jicho la kimulimuli ni tofauti kidogo na la mbung'o, lakini nalo ni la vijicho vingi.

Ila picha ya mdudu si safi. Nyosha mkono, tazama ukucha wa kidole cha mwisho. Kitu cha upana huo, kwa nyuki, ni nukta moja. Kwa hiyo wewe unaona pembe, mkia na alama ya ng'ombe wako. Mbung'o aliye mbali anaona kitu kikubwa cheusi kinachotembea. Kwa mwendo wadudu hawa wanatushinda. Nzi hutambua mwanga unaowaka na kuzimika zaidi ya mara 200 kwa sekunde moja. Mbung'o hufuata hata gari.

Hapo ndipo tunapomdanganya. Buluu humvuta kutoka mbali, nyeusi humfanya atue. Wataalamu Challier na Laveissière walieleza mtego wao wa nguo huko Afrika Magharibi mwaka 1973, na mitego ya buluu na nyeusi imeenea tangu hapo. Manjano haimvuti kama buluu.

Na yule kijana? Alikuwa amevaa mtego, tena nguo iliyotiwa dawa, mahali ambapo mbung'o huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Kaptula ile tuliichoma. Mama yake hakufurahi, maana mshono ulikuwa mzuri.

Kitambaa kikichakaa au kupauka, mwambieni Bwana Mifugo alete kingine cha buluu. Na fyekeni majani yanayokificha.