Hilo Povu Mnalolipigia Makofi

Naanza na kosa langu kabla hamjanikumbusha kwa comments. Mvua ndefu ya mwaka jana nilisimama kwenye shamba la kukhu hapa Misikhu, simu mkono mmoja, mkono wa pili chupa ya haidrojeni peroksaidi. Ni ile ya asilimia 3 unayouziwa kwa kemisti ya kuosha vidonda. Maharagwe yalikuwa yamegeuka manjano. Kipimo nilichokuwa nimesikia ni kijiko kikubwa kwa lita moja ya maji, lakini kwanza nilimwaga kidogo bila kuchanganya ili povu lionekane vizuri kwa kamera. Nikasema, "Mnaona? Mizizi inapumua." Likes zikaingia.

Kukhu aliuliza kitu kimoja tu: "Hiyo si ni dawa ya kidonda? Nani ameumia?"

Sikuwa na jibu. Sai ninalo, na ndilo linanikasirisha nikiona mbogi ya kina sisi tunaotengeneza video bado wanauza povu kama ushahidi.

Mwaga peroksaidi kwenye glasi safi ya maji. Hakuna povu la maana. Mwaga kwenye kidonda, inachemka. Kwa nini? Seli zilizo hai zina kimeng'enya kinaitwa katalesi, kazi yake ni kuvunja hiyo sumu haraka iwe maji na oksijeni kabla haijawaunguza. Mizizi inacho, bakteria wengi wa udongo wanacho, kuvu pia. (Madini kama chuma na manganizi huchangia pia, sawa.) Kwa hivyo lile povu halikuonyeshi ugonjwa ukikimbia. Linakuonyesha kuna walio hai hapo chini na umewavamia.

Na hao walio hai si wageni. Ng'oa mharagwe wenye afya polepole, usikate mizizi. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, raizobiamu wako kazini. Hewa tunayovuta ni naitrojeni karibu asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia hivyo ilivyo. Hao bakteria ndio huigeuza chakula. Mharagwe si bingwa wa hii kazi kama soya, lakini bado inasaidia, hasa kwa mtu kama kukhu ambaye kila mfuko wa mbolea ni hesabu ya karo ya mtu.

Sasa sikia vituko. Kenya hii kuna Biofix, bidhaa iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na kutengenezwa na kampuni ya MEA. Ndani yake ni nini? Raizobiamu walio hai. Unapaka mbegu, unazikinga na jua kali ili bakteria wasife. Mkulima mmoja ananunua bakteria, mwingine ananunua dawa ya kuwaua, na wote wawili wanaambiwa mizizi itafurahi.

Najua mtasema nini. "Lakini inageuka kuwa maji na oksijeni tu!" Moto pia huishia kuwa majivu, uliza nyumba iliyoungua. Kinachojalisha ni inachofanya ikiwa bado haijageuka. Maabara zikitaka kupima udongo una mchanga kiasi gani na mfinyanzi kiasi gani, mara nyingi huanza kwa kuteketeza mboji yote iliyomo. Kwa nini? Kwa peroksaidi, ile kali ya asilimia 30. Yenu ni hafifu, nakubali. Tabia ni ile ile.

"Lakini mizizi iliyojaa maji inahitaji oksijeni!" Kweli kabisa. Tupige hesabu basi. Kijiko kikubwa cha ile ya asilimia 3 kinatoa oksijeni kama mililita 150, yaani nusu chupa ndogo ya soda, na nyingi inatoroka juu. Ili kuipata umeongeza lita nzima ya maji kwenye udongo uliokuwa unazama kwa maji. Manze.

Sisemi udongo wako utakufa milele. Vijidudu hurudi. Lakini ukishafukuza wote kwenye ploti, hakuna anayekuhakikishia kwamba mpangaji wa kwanza kurudi ni yule mzuri.

Na wale wa nyanya mnaonyauka ghafla majani yakiwa bado kijani: kata shina karibu na mizizi, litumbukize kwenye glasi ya maji masafi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, hiyo ni bakteria iko ndani ya mishipa ya mmea. Peroksaidi ya juu ya udongo haitaifikia. Ng'oa, toa shambani, na usirudishe nyanya, viazi wala biringanya hapo karibuni.

Kuosha trei za miche, kisu cha kupogoa, mabomba ya wanaolima bila udongo, haya, tumia. Hapo hakuna rafiki wa kuua.

Kwa kukhu, je? Nilipong'oa ile mistari niliyomwagilia, vinundu vilikuwa vichache na ndani vilikuwa vya kahawia. Siwezi kuapa ni dawa pekee, maji yaliyotuama pia huviua, na sikuacha mstari wa kulinganisha. Hilo lenyewe linatosha kunifunga mdomo: sikuwa na haki ya kuwaambia watu elfu kadhaa kwamba imefanya kazi. Tulichofanya baadaye ni kuchimba mfereji upande wa juu, kuinua matuta, na kumwaga mboji ya ng'ombe iliyoiva. Hakuna povu, kwa hivyo hakuna video.

Ile ya zamani sijaifuta. Nimeandika juu yake NILIKOSEA, kwa herufi kubwa. Lakini kuna mama mmoja upande wa barabara ya kwenda Kitale alishaifuata kwenye kitalu chake chote cha sukuma, na anasema alinisikia mimi mwenyewe nikisema. Jumamosi naenda kwake na jembe.